Kukata mafuta kwanza, kujaza mwili kwanza, au vyote kwa pamoja?

Kitambi_Kwaheri: Wakuu, naombeni ulinganisho. Nina kilo 84, urefu sentimita 172, na mizani yangu ya umeme inasema mafuta ni asilimia 27. Nanyanyua vyuma mara tatu kwa wiki, huu ni mwezi wa tano tangu nianze, na wikendi nacheza mpira. Ninachotaka ni misuli. Naona njia tatu: (1) nikate mafuta kwanza, (2) nile kwa wingi nijaze mwili, mafuta nitayashughulikia baadaye, (3) nifanye vyote kwa pamoja. Jamaa mmoja mazoezini anashikilia kwamba mwenye kitambi hajengi misuli mpaka kitambi kiishe. Ni kweli?

Chuma_Mzee: Si kweli, hasa kwa mgeni wa vyuma kama wewe. Mafuta hayageuki misuli, hilo tulimalize mapema, lakini ni ghala la nishati. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700. Ukila protini ya kutosha na vyuma vikawa vinaongezeka uzito, mwili unachota humo nishati inayopungua kwenye sahani. Njia ya 2 kwako ni kuongeza mzigo kwenye ghala lililojaa. Nenda ya 3.

Mbio_na_Vyuma: Naunga mkono ya 3, ila usijinyime sana. Kuna jaribio la Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, lilitoka 2016. Vijana wa kiume wenye uzito uliozidi walipunguziwa asilimia 40 ya nishati waliyohitaji kwa wiki 4, mazoezi makali siku 6 kwa wiki. Waliokula protini gramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito walipoteza mafuta kilo 4.8 na wakaongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta. Wa gramu 1.2 walipoteza mafuta kilo 3.5, na upande wa pili hawakuongeza chochote cha maana. Lakini ratiba ile ilikuwa ya kuua mtu, nani ataiweza miezi sita? Na "mwili usio mafuta" si misuli mitupu, maji yamo humo pia.

Mwembamba_Sugu: Msimpe kila mtu ushauri huo jamani. Mimi ni mkavu, mishipa ya tumbo inaonekana. Nilifuata njia ya 3 mwaka mzima, vyuma vikagoma palepale. Ghala langu halina kitu! Aliyekonda akijinyima chakula, sehemu ya misuli katika kinachopungua huwa kubwa kuliko kwa mwenye mafuta mengi. Nilipoongeza kalori kama 250 kwa siku ndipo mapaja yakaanza kubana suruali.

Mbio_na_Vyuma: Sawa ndugu, kwako ya 2, tena hiyo ziada ndogo ndiyo yenyewe. Ila si sheria ya chuma. Mwaka 2011 kule Norwei, wanamichezo wa ngazi ya juu waliopunguza uzito polepole, asilimia 0.7 kwa wiki, waliongeza mwili usio mafuta hukohuko wakipungua. Waliokimbilia asilimia 1.4 hawakuongeza.

Kitambi_Kwaheri: Nimewaelewa. Kinachonivuruga ni mizani. Wiki iliyopita asilimia 24, leo 28. Nimenenepa kwa siku sita?

Chuma_Mzee: Ha ha, hapana. Mizani hiyo inapitisha umeme kidogo mwilini halafu inakisia. Maji yakibadilika, namba inaruka. Umetoka jasho mpirani, umekula wanga mwingi usiku (kila gramu ya glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa mwilini, inashika kama gramu 3 za maji), tayari imekudanganya. Chukua utepe wa fundi, pima kiuno usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, na andika vyuma unavyonyanyua. Kiuno kikishuka huku vyuma vinapanda, unataka ushahidi gani tena?

Mwembamba_Sugu: Na protini? 2.4 kwa kilo 84 ni zaidi ya gramu 200, atakula saa ngapi?

Mbio_na_Vyuma: Hahitaji zote hizo. Gramu 1.6 kwa kilo zinawatosha wengi, na mwenye mafuta mengi anaweza kupigia hesabu uzito anaoulenga. Kwa lengo la kilo 75 ni gramu 120.

Kitambi_Kwaheri: Basi ya 3, kalori 300 pungufu, gramu 120. Kiuno leo asubuhi ni sentimita 97. Mizani nimeisukuma chini ya kitanda.

Chuma_Mzee: Pima tena baada ya wiki nne. Si kesho.