Tupeane uzoefu: chuo chenu kilifanya nini na mtaa, na mpaka leo kumebaki nini?

Mwalimu wa Mkomani

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Nafunza chuo kidogo cha ufundi huku Lamu na mwaka huu nimekabidhiwa shughuli za wanafunzi nje ya darasa, yaani klabu, michezo, siku ya wazi, na ule ushirikiano na mitaa. Kabla hatujakaa kupanga kalenda nataka kuwasikia mlosoma au mnaofunza vyuo kama chetu, iwe Lamu, Mpeketoni, Malindi, Gede, popote pwani hii. Mtu aseme tu tulifanya hivi na watu wa mahali fulani, na mpaka leo kitu kipo, au hakipo na sababu ni hii.

Mimi msimamo wangu nautoa mapema. Vyuo vikubwa vina mabasi na maabara na pesa za utafiti, sisi hatuna. Lakini wanafunzi wetu wengi ni watoto wa hapa hapa, mlango wanaokwenda kubisha ni wa shangazi yake mtu, mzee wanayemuuliza maswali ni babu yake mtu darasani. Hilo ni jambo kubwa sana na tunalipoteza kila tunapoingia mtaani na bango na tishati mpya kama watu walotoka mbali. Haya, nipeni.

Fundi Chokaa

Mwalimu shukran kwa kuanzisha hii. Mimi nilichukua ujenzi, na mwalimu wetu alikuwa amepatana na mzee mmoja fundi wa nyumba za mawe, wakati ule akikarabati nyumba ya familia upande wa Langoni, basi mara moja kwa wiki darasa letu linahamia kule. Siku ya kwanza tukaambiwa tupime vyumba. Tukaona ajabu, chumba kirefu lakini upana haufiki mita tatu, na cha pili hivyo hivyo, na cha tatu. Mzee akatuuliza kwa nini, sisi na vitabu vyetu tukaanza mambo ya joto na upepo na heshima ya nyumba, akatusikiliza mpaka mwisho halafu akanyosha kidole juu. Boriti. Dari ya nyumba ya mawe ni mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, ni uzito mkubwa, na ukiirefusha boriti kupita hapo inapinda, kwa hivyo nyumba nzima kipimo chake kimetoka kwenye mti. Akatupanga uani na kutufunza saizi kwa kushika na mkono, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, mpaka ukifungwa macho unajua umeshika nini.

Halafu kuna kitu nilikiona pale ambacho sasa ndicho kinanilisha. Ukuta wa kiwanda, yaani ule uwanja wa ndani ya nyumba, kuna mtu zamani alikuwa ameupiga plasta ya simiti. Mzee akanipa patasi akasema gonga. Plasta ikatoka kipande kizima upana wa meza, na nyuma yake jiwe la matumbawe limekuwa unga, unalikwangua kwa kucha. Akatueleza kuwa ukuta ule unavuta unyevu kutoka chini na una chumvi yake, ukipakwa chokaa unyevu unatoka pole pole na ukuta unakauka, ukipakwa simiti maji yanakwama ndani na jiwe ndilo linalolika. Tukaondoa ile simiti yote, tukarudishia chokaa, na hata zidaka mbili, vile vishubaka vya ukutani, zilizokuwa zimezibwa tukazifungua.

Kilichobaki: wawili katika darasa letu tunafanya kazi hii hadi leo. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo kazi ya ukarabati wa kisawasawa haikosekani, wanaopungua ni mafundi. Na jambo moja mwalimu uliandike kwa wino: yule mzee chuo kilimlipa. Aliandikiwa vocha kama mwalimu wa muda, hakupewa soda na asante.

Mama Mikoko

Mimi nakuja na upande wa pili, kwa sababu mimi ndiye mtaa. Niko kwenye kikundi cha akina mama tunaotunza mikoko, na sisi tushapokea vyuo. Kuna kimoja, jina nitaliacha, walikuja na mashua mbili na kamera. Sisi tuna kitalu, tukawaambia wanetu hapa mbele panapopigwa na mawimbi pana mchanga, mkoko haukai, hapa mwenyewe ni mlilana, aina nyingine ya miti hii, njooni huku ndani kwenye tope. Wakasema ndani hakuna nafasi ya kusimama wote kwenye picha. Wakachomeka mbegu mamia pale pale kwa mistari mizuri, wakapiga picha wakaondoka, na upepo wa kusi ulipoingia haikusalia hata moja. Picha zipo. Mbegu zile tuliziokota sisi, kina mama wenye mgongo mbovu, na hakuna alorudi hata kuuliza.

Sasa kuna chuo kingine, kidogo tu, klabu yao ya mazingira haikuja na bango. Walikuja wanne wakauliza mnahitaji nini. Tukasema mikono ya kujaza tope kwenye mifuko, na mtu wa kutuandikia. Wakawa wanakuja siku za bamvua, maana bamvua huku maji hukupwa sana saa nne saa tano asubuhi, ndipo unapata muda wa kufanya kazi vizuri. Tukawaonyesha kuwa mbegu ya mkoko haichumwi hivi hivi, unaitazama shingo, ikianza kuwa ya manjano ndiyo imekomaa, ile ya kijani tupu ukiipanda unapoteza. Tukawaonyesha aina nyingine zinapokaa, mkandaa, na mchu, na muia. Wao wakatuandikia kila safu imepandwa lini na mingapi imeshika, na kwa daftari hilo sisi wenyewe tukaona sehemu moja hufa kila mara tukaiacha.

Watu wasidharau hili. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii ya Lamu. Serikali iliposimamisha ukataji 2018 kuna nyumba hapa zilikosa riziki, kwa hivyo mwanafunzi akija kusema habari za mikoko ajue anaongea na watu ambao mti huu ni chakula chao.

Nahodha Mdogo

Mama umesema kweli tupu. Nauliza, hao wanafunzi wanne walipomaliza chuo daftari lilikwenda wapi?

Mama Mikoko

Liko kwangu mwanangu. Walituandikia kwa Kiswahili na walimfunza binti yangu kulijaza kabla hawajaondoka. Lingekuwa kwenye simu ya mwanafunzi lingekuwa limekwenda naye.

Kijana wa Gede

Salamu kutoka Malindi. Mimi nilisoma biashara, cheti tu, na mwanzoni nilikuwa nikiona hizi shughuli za jamii ni za watu wa mazingira na afya, sisi watu wa hesabu tutafanya nini kijijini. Klabu yetu ya wajasiriamali ikaunganishwa na wafugaji wa vipepeo wanaokaa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa wasiojua, mradi wa Kipepeo ulianza 1993 pale kwenye magofu ya Gede, watu wa vijijini wanafuga vipepeo mpaka hatua ya pupa, yaani mdudu akiwa amejifunga kabla hajatoka kipepeo, pupa zinanunuliwa na kupelekwa nje kwenye nyumba za maonyesho, na wazo lenyewe ni kuwa mwananchi apate faida msitu ukiwa umesimama.

Sasa pupa haingoji mtu. Kipepeo akitoka umeshapoteza, kwa hivyo siku moja ya kuchelewa ni pesa. Akina mama tuliokaa nao walikuwa wakilalamika kuwa mzigo wao hukataliwa na hawajui kwa nini, wengine washaanza kusema kuna upendeleo. Hawakuwa na rekodi yoyote, kila kitu kichwani. Tukawachorea daftari la kawaida la mistari, safu za tarehe mdudu alipojifunga, aina gani, zimepelekwa ngapi, zimerudi ngapi, nani alipeleka. Baada ya muda wakaona wenyewe bila sisi kusema, zinazorudi karibu zote ni za wale waliokuwa wakingojana ili wachangie boda moja. Wakabadilisha mpangilio wa nani anapeleka siku gani, na yale maneno ya upendeleo yakaisha.

Mimi darasani nilikuwa nimefunzwa leja na sikuwa nimeielewa. Nimeielewa chini ya mwembe na mama mmoja asojua kusoma anayeniuliza hii namba ni ya nini na kwa nini inakaa huku. Mpaka leo nikifanya vitabu vya mtu huanzia na swali la yule mama.

Bao la Kete

Mimi langu fupi. Chuo chetu kilikuwa kikifanya mashindano ya bao na dhumna na wazee wa barazani, Ijumaa baada ya Laasiri. Basi. Hakuna mradi hakuna mfadhili. Lakini kijana akipata shida ya chumba cha kupanga au akitafuta pa kufanyia atachmenti, wale wazee wanamjua jina na wanampigia mtu simu. Msizidharau shughuli ndogo zisizo na ripoti.

Nesi wa Visiwani

Kwa upande wa afya. Tulikuwa tukitoka kwenda vijiji vya nje, na jambo lililobadilisha kila kitu ni kwenda na wahudumu wa afya ya jamii wa pale pale, wale ambao 2023 walipewa vifaa na serikali nchi nzima, badala ya kwenda peke yetu. Kabla ya hapo mlango unafunguliwa nusu, unajibiwa "tuko salama", unafungwa. Ukiwa na mama anayejulikana mnakaribishwa mpaka ndani na mnaambiwa ukweli.

Na kitu kimoja kiko kichwani mwangu. Ule utepe wa kupima mkono wa mtoto, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo mpaka 12.5 ni njano, juu yake kijani. Sisi tulikuwa tukipima na kuandika na kuondoka. Mhudumu mmoja akatuzuia akasema mpeni mama mwenyewe apime. Tukampa, tukamwonyesha nusu ya mkono baina ya bega na kiwiko, akapima mtoto wake, ikasoma njano. Akanyamaza akapima tena. Halafu akatoka nje mwenyewe akaita jirani naye alete wake. Mpaka tunaondoka pale kina mama walikuwa wakipimiana watoto na sisi tumekaa pembeni tunaandika tu.

Mpishi wa Malindi

Mimi natofautiana kidogo na Fundi Chokaa hapo kwa pesa. Kwani kila kitu lazima kilipwe? Sisi tulisomea upishi, na mama wa mtaani alikuja kutufunza mkate wa mofa bure kwa mapenzi yake, na alifurahi. Vyuo vidogo havina hela, ukianza kulipa kila mzee shughuli zote zinakufa na watakaoumia ni wanafunzi.

Fundi Chokaa

Kakangu Mpishi nakuelewa, na mtu akijitolea kwa moyo wake Mungu amlipe. Lakini tazama. Mkate ule sasa uko kwenye menyu ya siku ya wazi, wageni wanatozwa, chuo kinaingiza. Mwalimu wa darasani analipwa kwa saa, na anafunza kitu alichokisoma miaka miwili. Yule mama anafunza kitu alichokibeba maisha yake yote na anapoteza mauzo ya asubuhi nzima kuja kwenu. Mzee wangu siku tuliyokuwa naye hakuwa kwenye kazi nyingine. Bure mara moja ni ukarimu, bure kila muhula chuo kinamla mtu.

Mpishi wa Malindi

Hapo kwa mauzo ya asubuhi umenipata, sikuwa nimelitazama hivyo. Lakini swali la hela bado liko pale pale, zitoke wapi?

Mama Mikoko

Si lazima iwe noti. Wale wanafunzi wanne, chuo chao kina karakana ya uchomeleaji, wakatutengenezea lango la kitalu na toroli. Sisi tukatoa elimu, wao wakatoa kazi ya mikono, na wanafunzi wakalipata somo lao la kuchomelea kwa kitu cha kweli. Tulikaa tukakubaliana kabla, nani anatoa nini, ikaandikwa, kila upande nakala yake.

Mwalimu wa Mkomani

Nimesoma yote, mengine mara mbili, na nawashukuru kwa dhati. Mama Mikoko lile la lango na toroli nalipeleka kwa mkuu wa chuo wiki hii hii, maana sisi tuna uchomeleaji na ushonaji na umeme, na sijawahi kuona mahali tumeandika hizo kama malipo tunayoweza kutoa. Na daftari libaki mtaani, kwa Kiswahili, hilo halina mjadala tena kwangu.

Rasimu ya kalenda ninayoanza nayo, nirekebisheni. Muhula wa Januari safari za visiwani kwa sababu bahari bado tulivu, muhula wa Mei ni kusi kwa hivyo tubaki mjini na kazi ya nyumba za mawe na upimaji, muhula wa Septemba kitalu na siku ya wazi. Ramadhani hakuna kumtoa mtu nje mchana. Mfungo sita mji mzima uko kwenye Maulidi, pale wanafunzi wasipange chao, wapelekwe kuuliza wenyeji wanahitaji mikono wapi.

Nahodha Mdogo

Mwalimu Januari ni sawa ila msipange kwa tarehe za kalenda ya ukutani, pangeni kwa mwezi. Bamvua inakuja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkitoka maji mafu, zile siku za katikati maji yasipokupwa sana, mtafika kwenye kitalu cha mama mkute maji yapo kiunoni. Na mashua mkodi ya mzazi wa mwanafunzi, mtapata bei nzuri na mtangojewa.

Mama Mikoko

Na mkija mje na viatu vya kufunga, malapa yanabaki kwenye tope. Wanne au watano watosha kwa siku ya kwanza.