Ukoo wa Muheza: jikoni kwa Rehema

Rehema (Tabata): Shikamooni wakubwa wote. Jamani naomba ushauri. Hapa uani tunapokaa kila jioni taka zinachomwa zote pamoja, maganda, pampasi, chupa, vile vinailoni vya nyanya, moshi wote unaingia ndani na kifua cha mtoto hakitulii. Nataka nyumba yangu nianze kuiendesha kiasili kidogo kidogo, ila nikiangalia wanavyouza huko mtandaoni, brashi za mianzi, mitungi ya vioo, vikapu vya bei, naona hela yote itaishia huko. Nyie mngeanzia wapi?

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu, poleni na mtoto. Usinunue kitu sasa hivi. Tumia ulivyonavyo mpaka viishe ndo ubadilishe. Kwanza tazama pipa lako la taka lina nini

Rehema: Maganda ya ndizi, ya viazi, mabaki ya mchicha, majani ya chai. Kwa kweli zaidi ya nusu ni vitu vya jikoni

Mama Mkubwa: Basi hapo hapo. Hizo ukizitoa kwenye moto, kinachobaki ni kidogo tena kikavu. Chukua ndoo kubwa ya rangi iliyoisha, ioshe vizuri, itobolewe chini na ubavuni. Weka majani makavu au maboksi uliyoyachana, juu yake maganda, halafu makavu tena, makavu yawe mengi kuliko mabichi, karibu mara mbili. Nyama, samaki na mafuta usiweke kabisa maana utaita panya. Ugeuze kila wiki

Hamisi: Mama mkubwa hiyo si itanuka? Wao wapangaji wako sita na choo kimoja pale uani, majirani watasema

Mama Mkubwa: Ikinuka ujue mabichi yamezidi au maji yamezidi, ongeza makavu na uigeuze hewa ipite. Ikikamatwa mkononi iwe kama sponji uliyoikamua, unyevu upo ila haichuruziki. Ikikauka nyunyiza maji. Miezi miwili mitatu inakuwa nyeusi inanukia udongo, hapo ni mboji

Baba Mdogo: Ndoo usitoboe kwa kisu cha moto mwanangu, utavuta moshi wa plastiki. Jumamosi napita na drili

Rehema: Ahsante baba mdogo 🙏🏾 na chupa je

Hamisi: Chupa za maji usiache zichomwe kabisa, kuna vijana wanapita kununua kwa kilo, jaza kiroba weka kando. Nguo zilizochakaa kata vitambaa vya kufutia. Pampasi ndo ngumu, hiyo peleka kwa gari la taka tu, na mchana mtoto akiwa nyumbani mvalishe nepi za kitambaa, angalau utumie pampasi usiku

Zuhura (Mombasa): Hamjambo nyote. Huku kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, nyie mkafuata Juni 2019, na mwanzo watu walilia kweli ila tukazoea kikapu. Lakini vile vinailoni vyepesi bado vinarudi kwa mlango wa nyuma, kila fungu la pilipili na chake. Mimi naenda sokoni na kikapu, na bakuli lenye mfuniko la samaki, muuzaji sikuhizi akiniona anapima moja kwa moja hata haulizi

Baba Mdogo: Na mkaa je Rehema? Maana moshi hauko uani tu, uko na jikoni

Rehema: Nina gesi ila maharage na makande napikia mkaa, gesi inakwisha upesi

Baba Mdogo: Serikali ina mkakati tangu 2024 kwamba ifikapo 2034 watu asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi, ni jambo zuri, lakini mtu anapima na mfuko wake. Mimi nakwambia kama fundi umeme, jiko la presha la umeme maharage hayamalizi hata uniti moja. Ni la bei kununua, ndo maana nasema likae mwisho wa orodha, unakusanya taratibu

Mama Mkubwa: Na kabla ya hilo loweka maharage usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine, yachemke kwa nguvu robo saa na zaidi, usiyatoe kabla, maharage mabichi yanadhuru tumbo. Halafu sufuria na mfuniko wake unaizamisha kwenye kapu ulilolijaza mablanketi ya zamani na mto juu, unafunika unaendelea na kazi zako. Baada ya masaa matatu manne hivi unakuta yameiva, unayachemsha tena unaunga. Mkaa unaoutumia ni kidogo mno. Huku kwetu tunaona miti inavyokwisha, tanuri la kienyeji linakula kilo 5 mpaka 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na hapo watu wa mjini hawajui

Rehema: Sikulijua hilo mama mkubwa. Kesho naloweka

Zuhura: Na usafi wa nyumba, mimi natumia siki na limau kwa sinki na vioo, magadi kwa sufuria zilizoungua. Ila tafadhali siki au limau USICHANGANYE na dawa ya klorini ya kufulia, inatoa gesi mbaya mno na nyinyi mna mtoto wa kifua

Mama Mkubwa: Kweli kabisa. Na kwa vyombo nina madodoki, yamekauka hapa uani kwangu

Rehema: Natamani! Ila mboji ikiiva nitaiweka wapi, sina shamba

Mama Mkubwa: Viroba viwili vya mchele, udongo na mboji, mchicha. Wiki tatu nne unachuma. Wadudu wakija loweka majani ya mwarobaini usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo, nyunyizia jioni jua likishapungua, na uoshe vizuri kabla ya kupika

Hamisi: Dada ongea na wapangaji wenzio kwanza, pipa la makavu na la maganda, wakikubali hata wawili moto utapungua

Rehema: Wa mlango wa pili kashasema yuko tayari, naye ana mtoto mdogo. Mwenye nyumba ntamfuata Jumapili

Mama Mkubwa: Kesho natuma kwa basi la asubuhi: madodoki manne, mbegu zake upande pembeni ya ukuta zitambae, mbegu za mchicha na majani ya mwarobaini kwenye gunia

Rehema: Ntapokea stendi ya Mbezi mama mkubwa, nitumie namba ya basi nikutumie na nauli ya mzigo