Dakika 10 za sarufi kila asubuhi: zinamsaidia mtoto kuandika?

Mleta mada, mzazi wa Tabata
Wadau, habari za jioni. Mwanangu yuko darasa la sita. Tangu muhula uanze, kila asubuhi mwalimu wao anaandika ubaoni sentensi mbili zilizovurugwa, watoto wanazinyoosha kwenye daftari, kisha zinasahihishwa kwa pamoja. Dakika 10, siku tano za wiki. Ya jana ilikuwa hii: "baba juma alileta ngombe yake jana utamwona lini".

Kwenye mkutano wa wazazi tuligawanyika. Mimi nilisimama kulitetea zoezi. Niliporudi nyumbani nikafungua daftari lake la insha: ukurasa mzima, nukta moja tu, ile ya mwisho. Za ubaoni anapata zote! Naomba tujadili: zoezi liendelee, libadilike, au liachwe?

Mzazi mwingine, Temeke
Liachwe. Mtihani wa darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu. Hizo dakika wafanye maswali ya miaka iliyopita. Halafu wakiingia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, hizo ngeli watazipeleka wapi?

Mchapaji, Kariakoo
Ndugu wa Temeke, naomba nitofautiane nawe. Mimi naandaa kadi za harusi na vipeperushi. Watu wazima, wasomi, wananiletea maneno kwenye simu: "familia inayofuraha kukualika", "kwasababu", "ame fika". "Inayo furaha" ni maneno mawili, "kwa sababu" mawili, "amefika" moja. Ninarekebisha kimyakimya, lakini wapo wanaogoma, wanataka ichapwe walivyoandika. Mtu aliyefika miaka 40 akiandika "ame fika" hakuna wa kumrudisha ubaoni tena.

Na mkato (,) unaokosekana kwenye ile sentensi ya ubaoni si urembo. "Baba Juma alileta ng'ombe" na "Baba, Juma alileta ng'ombe" ni habari mbili. Katika ya kwanza aliyeleta ni mzee, mwenye mtoto aitwaye Juma. Katika ya pili ni Juma mwenyewe, na baba ndiye anayeambiwa. Kwa mdomo unatua kidogo, msikilizaji anaelewa. Kwenye karatasi huna pa kutua ila kwa mkato. Na hilo la mkato halina Kiswahili wala Kiingereza, litamfuata mtoto hadi chuo.

Mwanafunzi wa ualimu, Mlimani
Swali la mleta mada limeshawahi kupimwa kwingine. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walitoa ripoti Marekani, wamekusanya tafiti nyingi za ufundishaji wa uandishi kwa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12. Kufundisha sarufi peke yake, nje ya uandishi wa mtoto, hakukuboresha uandishi. Kuwafunza kuunganisha sentensi fupi ziwe moja kuliboresha.

Mwalimu wa Kiswahili, Mbagala
Tafiti hizo ni za Kiingereza, mwanangu, lakini ninayoyaona darasani hayapishani nazo. Nina watoto 94 katika mkondo mmoja. Miaka mitatu nilifanya kama mwalimu wa Tabata. Watoto wakawa hodari wa kuwinda makosa: wanajua asubuhi lazima kosa lipo, wanalitafuta mpaka walipate. Kwenye insha hakuna aliyewaambia wawinde, kwa hiyo hawawindi. Hapo ndipo ninapoona mtoto wa mleta mada alipo.

Sikuliacha zoezi, nilibadilisha sentensi zinakotoka. Jioni nachukua daftari 10 tu za insha, siyo 94, nachomoa sentensi mbili, naficha jina la mwenyewe. Asubuhi ndizo zinakwenda ubaoni. Mtoto anaiona sentensi yake pale, anajikausha, lakini macho hayabanduki. Kisha kila mmoja anarudi kwenye insha yake kutafuta kosa kama lile.

Siku mbili za wiki tunaunganisha. Nawapa: "Mvua ilinyesha. Daladala zilikwama. Tulichelewa." Wananiletea: "Mvua iliponyesha, daladala zilikwama, tukachelewa." Hapo -po- na -ka- vimeingia vikiwa kazini, na mkato umepata mahali pa kukaa. Kufundisha -po- peke yake ubaoni nilishapoteza vipindi vingi, sirudii.

Kwa mzazi wa Temeke: maswali ya kuchagua yanamzoeza mtoto kutambua jibu lililoandikwa na mwingine. Barua ya kuomba kazi haina machaguo.

Mzazi, Temeke
Mwalimu, nimekuelewa. Bado nasema dakika 10 zisizidi, na kusahihisha watoto 94 kusiwe mzigo wa mtu mmoja.

Mwalimu, Mbagala
Zisizidi kabisa. Hata nane zinatosha. Na kuhusu mzigo, ahsante kwa kuliona hilo.

Mleta mada
Shikamoo mwalimu. Leo nimejaribu nyumbani. Nimechukua insha ya mwanangu nikamwambia aisome kwa sauti, akitua, aweke alama. Nukta saba amezipata mwenyewe! Lakini amenikwamisha kwa swali: "Baba, mwalimu alisema ng'ombe wake, siyo ng'ombe yake. Mbona tunasema rafiki yangu?" Sikuwa na jibu.

Mwalimu, Mbagala
Marahaba. Swali zuri hilo, mpongeze. Rafiki na ng'ombe wote ni wa ngeli ya A-WA: rafiki amekuja, ng'ombe amekuja. Ila majina ya watu wa uhusiano yasiyo na kiambishi m- mwanzoni, kama baba, mama, dada, shangazi, jirani, hata adui, humiliki kwa yangu, na wakiwa wengi, zangu: dada zangu, marafiki zangu. Mwalimu na mgeni wana kiambishi hicho, wanabaki na wangu, na wanyama vilevile. Mwambie akusanye majina mengine ya aina ya rafiki, akifika 10 uniletee hapa, nitayaweka ubaoni Jumatatu.