Historia ya Wamarekani Weusi: mabango 20 ukutani, nani atayasoma?

Mtu_wa_Maktaba: Wakuu, maktaba ya umma inaandaa maonyesho ya Februari kuhusu historia ya Wamarekani Weusi. Tuna chumba kimoja na mabango 20 yenye maandishi tele, tangu utumwa hadi harakati za haki za kiraia. Tufanyeje ili mgeni asipite tu akiangalia picha?

FundiMaonyesho: Punguza mabango, mkuu. Bakisha sita, kila moja lisizidi maneno 75, na kitovu chake kiwe sentimita 140 kutoka sakafuni ili hata aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu asome.

Nafasi itakayopatikana, weka mfano wa sanduku la Henry Brown, mtumwa aliyejisafirisha ndani yake kama mzigo kutoka Richmond, kulikokuwa na utumwa, hadi Philadelphia, kusikokuwa nao, Machi 1849 ili awe huru. Vipimo vinajulikana: urefu sentimita 91, kina 81, upana 61. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha. Piga msasa kingo zote, upande mmoja uache wazi kabisa, mfuniko uugongelee usifunguke. Maelezo machache tu: alikaa ndani saa zipatazo 27, na maji kidogo na biskuti. Nje paliandikwa upande upi ukae juu, na bado wapakizi walimgeuza kichwa chini. Mgeni akilinganisha mabega yake na ule upana, hahitaji bango.

msoma_nyaraka: Sanduku naliunga mkono, ila asifungiwe mtu ndani. Na tafadhali, michezo ya watoto kuigiza mtumwa na bwana iachwe kabisa: inawadhalilisha, hasa watoto Weusi, na wanachoondoka nacho ni aibu. Mtaje pia kwamba wazo lilikuwa la Brown mwenyewe. Wengine walimsaidia kulitimiza.

Ongezeni meza ya sensa. Chagueni kaunti (wilaya) moja ya Kusini mwa Marekani, mchapishe ukurasa wa orodha ya watumwa ya 1860 na wa sensa ya 1870. Kwenye ule wa kwanza kuna jina la mmiliki, halafu umri, jinsia na rangi. Watumwa karibu wote hawatajwi kwa majina. Miaka kumi baadaye, utumwa umeshafutwa, majina yapo. Mkuze nakala mara mbili, ule mwandiko wa mkono unasumbua, na muweke lenzi. Mwelekezaji asimwambie mgeni kwamba jina la ukoo la aliyekuwa mtumwa linathibitisha mmiliki wake alikuwa nani. Wengi walijichagulia majina mengine.

Mtu_wa_Maktaba: Shukrani. Vikae wapi?

FundiMaonyesho: Sanduku mbali na mlango, foleni isizibe njia. Meza karibu na dirisha, kwa nakala tu. Nyaraka halisi hufubazwa na jua.