Hii ya kubandika namba ukutani iendelee au ife? Watoto wanafichana madaftari

Mama Wawili, Ngamiani

Jamani habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila matusi. Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa hapa Tanga mjini, shule siitaji. Ijumaa yamebandikwa matokeo ya midtemu nje ya ofisi ya taaluma, wa kwanza mpaka wa 112, jina, wastani, namba, halafu ile karatasi ikapigwa picha ikatupwa kwenye grupu la wazazi la wasapu. Wangu kashika namba 4. Mwenzie, ambaye wameshibana toka darasa la tatu, leo analala kwetu kesho wangu analala kwao, mtoto anajua mpaka ninapoficha sukari, yeye kashika ya 9. Toka siku hiyo hawasemeshani.

Kuchimba chimba ndo nikaambiwa kumbe mwenzie aliomba daftari la kemia, zile hesabu za moli, akajibiwa daftari nimelisahau kwa bibi Makorora. Daftari lilikuwa ndani ya begi. Na aliyedanganya ni wangu mimi, sio wa mtu. Namuuliza kwanini, ananijibu kavu kabisa, "mama nikimpa atanipita".

Nilikaa kimya maana sikuwa na la kusema. Lakini nimelifikiria na ninachokiona ni kwamba huyu mtoto kafundishwa hesabu ya uongo. NECTA, hao baraza la mitihani, haikuulizi ulikuwa namba ngapi darasani. A ni 75 kwenda juu, B 65 mpaka 74, C inaanzia 45, D 30. Wanachukua masomo yako 7 uliyofanya vizuri, A pointi 1, B pointi 2, hivyo hivyo kushuka, ukiwa na pointi 7 mpaka 17 una divisheni wani yako. Hamna mahali pameandikwa divisheni wani ni za watu kumi tu. Darasa zima wakiiweza wanapata wote, rafiki yako akipata A ya kemia ya kwako haipungui hata chembe, sasa wanagombania nini? Na NECTA wenyewe Januari 2023 walipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022 waliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wenye mtihani wameacha, sisi wa midtemu tumekazana na gundi. Mi nasema ife. Kila mtoto apewe karatasi yake mkononi akaisome kwao.

Fundi Baiskeli, Duga

Pole mama Wawili ila hapa sikuungi mkono. Mi form two nilishika ya 98 kati ya 104. Marehemu mama alipita shuleni kulipa mchango akakutana na ile karatasi, hakunipiga wala nini, alirudi akaniuliza "wale sita uliowapita wana maradhi gani?" Wallahi sikulala. Nikaanza kwenda diskasheni kila jioni, baiskeli haina taa naendesha gizani, mwisho wa siku nikatoka na divisheni two. Ingekuwa karatasi ya mkononi ningeichana njiani na mama asingejua kitu. Mkitoa namba watoto watalala.

Dada wa Sahare

Fundi umesimulia vizuri lakini wale sita waliokuwa nyuma yako wako wapi? Maana kwenye hizi stori huwa anaongea aliyetoka tu.

Fundi Baiskeli, Duga

Mmoja namjua, ana boti mbili pale Deep Sea, mi ndo namkopa hela. Wengine kusema kweli siwajui.

Mwalimu Chaki

Nimeona nitie neno maana sisi walimu ndo tunaobandika. Watu mnadhani ile karatasi ni ya watoto, ile ni ya wazazi. Mwaka jana tulijaribu kuandika wastani tu bila namba, wiki haijaisha wamekuja wazazi saba ofisini, mmoja mtoto wake ana wastani wa 81 anataka kujua ni wa ngapi, namwambia mama 81 ni A hiyo, anasema ndio mwalimu lakini wa ngapi? Tukarudisha. Na mwenye shule naye anataka namba zake apate za kuweka kwenye bango, kuna shule binafsi mtoto akiwa na wastani wa chini anaambiwa arudie darasa au atafute pengine asije kuchafua matokeo. Mtoto anaona yote hayo, ana macho. Halafu mkimshika kaficha daftari mnashangaa kajifunzia wapi.

Kijana wa PCB

Mama hesabu yako ya NECTA ni kweli ila umeishia nusu. Divisheni wani wanapata wengi sawa, je nafasi? Kibaha, Ilboru, Kilakala, zile za vipaji maalum kila mtu anazitaka na hazitoshi. Udaktari Muhimbili ndo usiseme, unaweza kuwa na pointi zako nzuri na ukaachwa. Kule lazima umpite mtu. Bora waanze kuzoea sasa hivi kuliko kwenda kushtukia mbele.

Mama Wawili, Ngamiani

Mwanangu PCB nakubali, nafasi hazitoshi. Ila huyo wa kumpita yuko Songea, yuko Bukoba, yuko Tarime, wako maelfu na hata mmoja humjui, huwezi kwenda kumfichia daftari lake. Wewe unamfichia huyu mmoja uliyekaa naye dawati moja, ambaye ndo peke yake angeweza kukusaidia usiku ukikwama. Umepunguza nini huko kwenye maelfu?

Bint Pangani

Niseme tu ukweli maana hapa hamnijui. Mi ndo nilikuwa mfichaji. Nimemaliza 2014, ule mwaka wa mambo ya GPA badala ya divisheni, sijui distinkshen sijui meriti. Bweni. Mjomba aliniletea toka Dar kitabu cha pasipepa za kemia zilizosolviwa zote, nikakifunga gazeti nikakitia chini ya godoro, nakisoma kwa tochi wenzangu wakilala. Shoga yangu akiniuliza nasoma nini namwambia riwaya. Yeye alikuwa kipanga wa hesabu, mimi hesabu kilaza wa kutupwa, na alipogundua kile kitabu hakugomba wala hakusema kwa mwalimu, aliacha tu kunifundisha. Matokeo yakaja, mi hesabu D, yeye kemia C. Sa hivi tukikutana Mgandini tunasalimiana kama muuza nyanya na mteja, za siku, nzuri, kila mtu na kapu lake.

Dada wa Sahare

Bint Pangani mtafute bwana, miaka mingi hiyo.

Bint Pangani

Namba yake ninayo. Naanzaje sasa?

Mama Wawili, Ngamiani

Nimerudi. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi saa tatu, nitasimama niongee, na nyie mnaoniunga mkono humu msije wakati wa soda. Mwalimu umenichoma kidogo maana hata mi nilipofungua ile picha kitu cha kwanza nilitafuta namba ya wangu, cha pili nikatafuta ya mwenzie. Sikuangalia alama kabisa.

Leo jioni nimemchukua mtoto na daftari lake mpaka kwao, barabara ya 12. Mwenzie kalipokea bila kusema, kafungua, kasoma weee, halafu kamwambia "hii ya pili umekosa".

Fundi Baiskeli, Duga

Na alikuwa kakosa kweli?

Mama Wawili, Ngamiani

Kakosa. Kazidisha pahala pa kugawanya.