Mapambo ya unga wa chumvi yamevimba kama mito, nimekosea wapi?

asali_na_uzi

Habarini wadau, naomba msaada kabla sijatupa kila kitu nje. Sikukuu imebaki wiki nne na mwaka huu nilijiapiza kwamba zawadi za kununua basi, kila mtu atapata kitu kidogo nilichotengeneza kwa mkono wangu, cha kuning'iniza dirishani au kuweka mezani, akikiona ananikumbuka. Nimehesabu nikapata watu 22, wazazi wa pande zote mbili, wadogo zangu, mawifi na watoto wao, na wenzangu wanne wa kazini.

Basi jana nikajaribu ule unga wa chumvi ambao kila mtu anausifia, unga vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kikombe 1, nikakanda, nikasukuma, nikakata nyota na mioyo, nikaingiza kwenye oveni huku nimeshaanza kuchagua rangi kichwani. Aisee. Nyota zimetoka hazina hata pembe, zimevimba juu kama mito ya sofa, nyingine zimepasuka katikati, matundu ya kupitisha uzi yote yameziba, na chini zimeungua wakati ndani ukibonyeza bado laini. Mume wangu akaja akaokota moja akauliza hii ni kobe? Nikamwangalia tu.

Kosa ni oveni, vipimo au mikono yangu tu? Na kama kuna kitu kingine ambacho mtu asiye na kipaji anaweza kutengeneza nitajieni, ila kisiwe cha kutaka nikanunue mashine.

mama_udongo

Pole mdogo wangu, kobe kameniua mbavu 😂

Kabla ya yote nenda jikoni ukaangalie pakiti ya unga uliotumia. Kama ni ule ambao tayari umechanganywa bekingi pauda humohumo basi mchawi wako ndo huyo, ule kazi yake ni kuumuka, ukiupa joto unaumuka, hauna habari na nyota zako. Tumia unga wa ngano wa kawaida kabisa usio na kitu ndani.

La pili ni moto, hujasema uliweka nyuzi ngapi ila kwa hayo maelezo ya nje pameungua ndani pabichi naona ulipandisha sana. Unga wa chumvi usiuchukulie kama unaoka, wewe unakausha. Mimi naweka nyuzi 100, ikizidi sana 120, naacha masaa mawili hadi matatu na katikati ya muda nageuza upande wa pili. Moto ukiwa mkali maji yaliyo ndani yanageuka mvuke kwa mpigo, juu pameshakuwa pagumu na mvuke hauna pa kutokea, ndo unainua ngozi na kupasua. Ukiona kijipovu kinaanza kuinuka jua oveni yako inadanganya, maana oveni nyingi za nyumbani ile namba iliyoandikwa na joto lililomo ndani ni vitu viwili tofauti, punguza na uache mlango wazi kidogo.

Alafu unene. Nusu sentimita inatosha, na iwe sawa kote, kwa sababu penye wembamba patakauka kwanza pajikunje huku penye unene bado pabichi. Ujanja wangu ni vijiti viwili vya unene sawa, kimoja kushoto kimoja kulia kwa donge, mti wa kusukumia unatembea juu ya vijiti kwaiyo hauwezi kuzama kupita hapo. Chumvi iwe laini, ile ya mawe inabaki chengachenga na kipambo kinakuwa na vipele. Maji usimimine yote kwa wakati mmoja, mimina kidogokidogo mpaka donge liache kunata mikononi, kuna unga unakunywa sana na kuna unga haunywi. Kanda dakika 10 kamili, watu wanakanda mbili wanachoka ndo maana wanapata nyufa.

Tundu toboa kwa mrija wa kunywea likiwa bado bichi, usisogee karibu sana na ukingo patakatika, sentimita moja hivi kutoka juu.

asali_na_uzi

Mama nimeenda kuangalia pakiti sasahivi. Imeandikwa. Kwa herufi ndogo za kuvizia, lakini imeandikwa. Na oveni niliweka 180 🤦🏾‍♀️ kwaiyo nilikosea vyote viwili kwa pamoja, angalau mikono imepona.

fundi_mvivu

Mi naomba nitofautiane kidogo na mama hapo juu kwa heshima zote. Unga wa chumvi niliachana nao mwaka juzi, rangi yake inatoka kijivu au kahawia ya kuchoka na lazima upake ndo upendeze. Jaribu bekingi soda vikombe 2, konflawa kikombe 1, maji kikombe 1 na robo, weka vyote kwenye sufuria moto mdogo ukoroge bila kuondoka, kwanza utaona ni uji mwepesi utadhani umeharibu alafu ghafla inashika, ikianza kuachia sufuria na kuwa donge toa, funika na kitambaa chenye unyevu ipoe. Ukiikanda ikishapoa inakuwa laini kama ngozi ya mtoto, nyeupe peee, haihitaji rangi wala oveni. Unakausha hewani tu siku moja mpaka mbili unageuzageuza. Ukichukua jani lenye mishipa ukaligandamiza juu yake alafu ukabandua, unapata mchoro ambao hakuna mtu ataamini ni wewe.

Usiweke juani ili ikauke haraka. Nimeshafanya, ilijikunja kama bamia.

mama_udongo

Fundi sikatai, ni nzuri na weupe wake unga wa chumvi hauufikii hata kwa dawa. Ila mwambie na upande wa pili, ile ikikauka inavunjika kirahisi, nyota yenye pembe ndefu ikianguka mezani tu unaokota vipande vitano. Kwa duara, yai au jani pana sawa, kwa nyota mimi bado niko na unga wa chumvi.

Na kitu ambacho hamjasema wote ni vanishi. Vidio nyingi zinaishia pale kipambo kimekauka kimepakwa rangi kinametameta, hawarudi baada ya miezi sita kukuonyesha kimelegea kama mkate uliolowa. Chumvi inavuta unyevu kwenye hewa, hiyo ndo tabia yake, kwaiyo usipoziba, msimu wa mvua kipambo kinaanza kutoa jasho, rangi inabanduka, chini kunatoka unga mweupe. Paka vanishi mbele, nyuma, ukingoni na hata ndani ya tundu la uzi, mikono miwili mitatu, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Lakini USIPAKE kabla kipambo hakijakauka mpaka moyoni maana utafungia maji ndani, ukungu utaota huko huko. Namna ya kujua, kigonge na kucha, kilichokauka kinalia kama kigae na kibichi kinatoa sauti nzito ya kuziba. Ukikiweka shavuni pia kibichi kinakuwa baridi.

Rangi iwe ya akriliki na usiipake na maji mengi, ukilowesha sana uso wake unalainika upya.

Na wenye mbwa, ning'inizeni juu. Mbwa anapenda ile chumvi, akila kipambo kizima chumvi hiyo inaweza kumdhuru vibaya sana mpaka kumuua, sio utani.

kaka_wa_hesabu

Watu 22, wiki nne, una kazi na una familia. Dada yangu hebu chagua umbo MOJA. Nyota tu. Ukianza huyu nyota huyu moyo huyu ndege utafika siku ya sikukuu una vipambo sita na msongo wa mawazo. Na katakata 30, sio 22, kuna vitakavyovunjika.

sindano_ya_bibi

Mimi sio mtu wa udongo kabisa, vidole vyangu na donge haviivani, ila kwa kuwa umeuliza kitu kingine nitasema nilichofanya mwaka uliopita baada ya babu yetu kufariki. Bibi alikuwa na mashati yake ya mistari kwenye sanduku, hataki kuyagawa, hataki kuyatupa, kila mtu anayaogopa yale mashati. Nikamuomba mawili. Akanyamaza siku tatu alafu akanipa matatu.

Nikakata mioyo midogo ya kama kiganja, vipande viwili viwili, nikashona ndani nje na kuacha mwanya wa vidole viwili pembeni, nikageuza, nikajaza pamba ya kutengenezea mito, nikaziba kwa mkono. Juu nikaweka kitanzi cha utepe, na kwenye kila moyo nikabakisha kitu kimoja cha shati, wengine walipata kifungo, wengine ncha ya kola, binamu yangu mmoja alipata kile kimfuko cha kifuani ambacho babu alikuwa anawekea miwani. Vilikuwa 14. Siku ya kuvitoa hakuna aliyesema asante kwa muda kama wa dakika nzima, nikadhani nimeharibu sikukuu ya watu. Mjomba ambaye huwa hana maneno alitoka nje. Leo ule moyo unaning'inia kwenye kioo cha gari lake.

Kwa ufundi sasa. Shati la pamba linachomoka nyuzi kwaiyo acha sentimita nzima ya ukingo nje ya mshono, na pale juu ambapo moyo unaingia ndani kama bonde kata kidogo kuelekea mshono bila kuugusa, usipokata pale moyo ukigeuza unavutika na kutoka kama viazi. Pamba jaza vipande vidogovidogo, anza na kona, ukisukuma bonge moja kubwa inakaa kama mtu kameza jiwe. Kama huna mashati ya mtu hata nguo ya mtoto iliyomkaa ndogo inafaa, mama zake wanalia vilevile.

kaka_wa_hesabu

Hapo kwenye kimfuko cha miwani mi nimeshindwa kuendelea kusoma.

petali

Habari, nimechelewa kwenye uzi lakini mbona hamjagusa maua? Napanga kuweka maua ndani ya resini, ile ya majimaji unayomwaga ikaganda ngumu, vinatoka vile vidude vinavyong'aa kama kioo. Kuna aliyejaribu?

fundi_mvivu

Nimejaribu, nimeharibu, nimejaribu tena. Ua lazima liwe kavu kabisa, ukiweka lenye maji linageuka kahawia humo ndani na mapovu juu, na huwezi kulitoa tena, linabaki linakukodolea. Kausha kwenye kitabu kizito katikati ya karatasi zinazonyonya maji, badilisha karatasi siku za mwanzo, wiki mbili tatu. Maua membamba yanakubali, yale manene yenye petali nyingi yanaota ukungu kabla hayajakauka. Mekundu mengi yanageuka meusi-meusi ujue mapema.

Resini yenyewe fuata vipimo vya kwenye chupa kama mkemia, ukikadiria kwa macho itabaki inanata milele. Koroga polepole, kwa kasi unaingiza hewa. Vaa glovu, fungua madirisha, watoto wakae mbali, ile kitu ikiwa mbichi sio ya kuchezea na ngozi inaweza kuikataa. Kama una wiki nne na maua bado yako bustanini, mwaka huu yakaushe tu na uyabandike kwenye kadi, resini iwe ya mwakani.

petali

Mkuu umeniokoa, nilitaka kuyachuma asubuhi nimwage jioni.

asali_na_uzi

Nimerudi wadau, siku 9 baadaye. Nimefuata ya mama_udongo neno kwa neno, unga wa kawaida, vijiti viwili (nimetumia penseli mbili, zinafaa), nyuzi 100 mlango wazi kidogo, na nimemsikiliza kaka wa hesabu nikakata nyota tu. Nimekata 30. Tano zilijikunja pembe kwa sababu sikugeuza mapema, mbili aliziangusha mtoto, zimebaki 23 na zote zikigongwa zinalia kama kigae, nimegonga mpaka mume ananiuliza nasikiliza nini.

Nyuma ya kila moja nimeandika jina na mwaka kwa kijiti cha meno kabla ya kukausha, hilo hakuna aliyeniambia nimejitungia. Ya mama yangu mzazi nimekosea herufi, na nimegundua ikiwa imeshakauka. Nilikuwa na donge limebaki kwenye mfuko nikataka nikate nyingine, mtoto akasema bibi hasomi bila miwani iache hivyohivyo.

Vanishi napaka kesho. Mama, nikiziweka juu ya karatasi si zitagandia upande wa chini?

mama_udongo

Zitagandia. Pitisha uzi kwenye matundu uzitundike kwenye kamba kama nguo, utapaka pande zote kwa mara moja. Chini tandika gazeti. Na ya mama yako usiikate nyingine.