Mrejesho: nyuzi zinazochomoka kwenye jeli ya gegedu bandia

Wakuu, habari za siku. Ni mimi wa Mbeya niliyeuliza kwa nini nyuzi za polietilini (aina ya plastiki) zinachomoka kwenye jeli yangu ya majaribio ya kuiga gegedu la goti, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo.

Yule aliyeniambia "tatizo si nguvu ya uzi, ni mshiko" alilenga penyewe. Polietilini haipendi maji, na jeli yangu, ya polivinili alkoholi (plastiki inayoyeyuka kwenye maji), karibu yote ni maji, kwa hiyo ukivuta uzi unateleza mzima mzima kama mlenda. Nikaacha kulaza nyuzi moja moja. Nilinunua mshipi wa kuvulia samaki wa kusuka, nao ni wa polietilini, pale sokoni Mwanjelwa (muuzaji akaniuliza kama naenda Kyela kuvua), nikausuka wavu wa matundu madogo, jeli ikapenya na kugandia humo humo. Sasa kipande kinapasuka kabla uzi haujatoka. Hata gegedu halisi liko hivyo: maji asilimia 65 hadi 80, na nyuzi za kolajeni (protini ya mwili) zilizosukana ndizo zinazolizuia lisitawanyike.

Ili jeli ikaze, naigandisha kwenye friza na kuiyeyusha, mizunguko mitano. Umeme ulikatika katikati ya mzunguko wa tatu, kundi zima likawa uji. Nikaanza upya.

Kwa dada aliyeuliza kama mama yake anaweza kuwekewa gegedu hili gotini: hapana dada yangu, hii ni ya majaribio ya mezani tu. Bado sijapima msuguano, wala chembe zinazomeguka, na chembe ndizo zilizoponza kano nyingi bandia (kano ni kamba zinazounganisha mifupa) za miaka ya 1980, magoti yakavimba.